Taulo la Kijani

Jumanne saa nne alikuja mkaguzi,
mwanamke wa viatu vya theluji na fomu ya kurasa tisa,
na baba, ambaye wiki nzima hakujua shati lina mikono mingapi,
alikuwa keshakaa mezani, kidevu kimenyolewa,
tai ya shirika la reli imefungwa sawasawa.

"Unaoga mwenyewe, Bwana Krenn?" Mwenyewe.
"Ngazi?" Napanda, nashuka.
"Usiku unalala?" Kama gogo.

Zdenka, anayemwogesha, akatazama dirishani.
Mimi, niliyemwokota chini ya ngazi mwezi wa Novemba,
nikasonya kimoyomoyo. Baba,
kila "ndiyo" yako ni saa ya msaada inayofutwa.
Lakini ningesema nini mbele yake?
Mtu mzima havuliwi nguo hadharani
na mtoto aliyemzaa.

Nikamsindikiza mgeni hadi kwenye gari,
na pale, juu ya barafu, kwa sauti ya mwizi, nikayatoa yote:
choo, jiko lililowaka hadi asubuhi,
vidonge tulivyovikuta ndani ya kiatu.
Akaandika kwa penseli.
"Wote huwa hivyo," akasema.
"Siku yangu ya kuja ndiyo siku yao ya kupona."

Kaka yangu Gernot hupiga simu Jumapili kutoka Linz.
Ana majibu. Mpeleke kwenye nyumba ya wazee kule bondeni,
wana bustani.
(Nimekwenda, Gernot. Bustani ipo.
Foleni ni miezi kumi na minne,
na nafasi hupatikana kwa njia moja tu.)
Basi kituo cha mchana?
Alikwenda mara mbili. Walimpa picha ya bata apake rangi.
Aliipaka nyeusi yote, akaomba koti lake.
Basi wewe, anasema Gernot, si uko karibu?
Karibu: neno lile lile
la kumfungulia mgeni mlango
na la kumfungia mwenyeji.

Ndipo tukampata Zdenka, wiki mbili aje, wiki mbili aende,
saa saba ndani ya basi dogo kutoka Slovakia.
Mkataba unasema: kupika, kufua, kuogesha, kugawa dawa.
Mkataba hausemi treni.

Miaka thelathini na minane baba alipitisha treni kwa bendera
kwenye stesheni ambayo leo ni duka la baiskeli.
Kila usiku, saa nane na dakika kumi na mbili,
husimama ukumbini na tochi, suruali ya kulalia imepinda,
hataki kulala: ya mizigo bado haijapita.
Mimi nilimwambia ukweli. Baba, hakuna treni. Reli iling'olewa.
Ukweli wangu ulimweka macho hadi alfajiri.

Zdenka hakumwambia kitu.
Alichukua taulo la kijani kabatini,
akalinyanyua, mkono umenyooka,
akasubiri mabehewa yote, hana haraka,
kisha akalishusha. "Imepita,"
kwa Kijerumani chake chenye kokoto.
Baba akazima tochi.

Ulijifunza wapi, nilimuuliza.
Kwa mama. Yeye hungoja mabata bukini warudi.
Na sasa nani huwarudisha?
Jirani, Ilonka. Kwa euro mia mbili
na kopo la kahawa ya huku.
Akaendelea kukunja soksi za baba, mbili mbili,
moja akaikunja mara tatu.

Barua imekuja: daraja la tatu. Tuliomba la nne.
Nimekata rufaa. Penye "maelezo mengine,"
mistari miwili tu, nimeandika:
saa nane na dakika kumi na mbili, mtu mmoja, taulo moja.

Leo Zdenka ameondoka.
Niko ukumbini, miguu peku, nimenyanyua.
Mkono unaanza kutetemeka kwenye behewa la kumi na kitu.
Baba ananitazama juu ya mwanga wa tochi.
"Juu zaidi," ananiambia. "Dereva hakuoni."